Tembo analindwa kwa bunduki, sisi nani anatulinda?

Swali: Shikamoo Daktari. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Vingunguti, Dar es Salaam, na ni mlezi wa klabu ya mazingira. Mwezi uliopita tulikuwa na mazungumzo kuhusu uhifadhi wa wanyamapori, nikaanza na tembo na faru kama nilivyozoea. Kijana mmoja wa kidato cha pili akanyoosha mkono: "Mwalimu, tembo analindwa kwa bunduki. Sisi mto ukija, nani anatulinda?" Darasa zima likapiga makofi. Mimi nikababaika. Naomba unisaidie: wanyamapori, haki ya mazingira na mabadiliko ya tabianchi ni mambo matatu au ni jambo moja? Na mazungumzo niyaanzie wapi kwa watoto ambao hawajawahi kukanyaga hifadhi yoyote?

Jibu: Marahaba, Mwalimu. Nimelisoma swali lako mara tatu, na kila mara nimeishia kwa yule kijana. Usimwone mkorofi. Ameuliza kitu ambacho watu wazima kwenye makongamano hukizunguka siku tatu bila kukigusa, na nimefurahi kwamba wenzake walimpigia makofi.

Nianze na lile fupi. Ni jambo moja. Linaonekana matatu kwa sababu ya namna tulivyogawana ofisi: wanyamapori wana wizara yao, mafuriko yana kamati ya maafa, tabianchi ina wataalamu wake na safari zake. Maji ya mvua hayaujui mgawanyo huo. Yanaanzia msituni, yanapita chumbani kwa mtu, yanaishia kwenye mazalia ya samaki, na yote hayo kwa usiku mmoja. Ndiyo maana nakushauri usianzie Serengeti. Anzia Msimbazi, mto ambao watoto wako wanaujua hata kwa harufu.

Msimbazi unatoka vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe. Unatembea kilomita 35 hivi, unapita Tabata, Vingunguti yako, Kigogo, Jangwani, mpaka Daraja la Salender unapoingia baharini. Kule juu kuna misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, ambayo sasa ni hifadhi ya mazingira asilia. Ni mabaki ya misitu ya pwani, misitu ya kale sana, yenye mimea na wadudu na ndege ambao baadhi yao hawapatikani popote duniani isipokuwa kwenye ukanda huu wetu mwembamba. Kwa hiyo si kweli kwamba watoto wako wako mbali na hifadhi. Wanaishi kando ya mto ambao kichwa chake kiko hifadhini, na nauli ya kufika huko ni ya daladala.

Waeleze msitu ule unafanya kazi gani. Mvua ikinyesha juu ya miti, majani ndiyo yanayoipokea kwanza. Inadondoka pole pole, inakutana na majani makavu yaliyooza chini, inanyonywa, inazama ardhini, na sehemu yake hutokea mtoni baada ya siku nyingi. Kata miti hiyo, jenga tanuri la mkaa, na mvua ileile inapiga udongo mtupu, inabeba mchanga, na inafika mabondeni kwa saa chache. Huku chini nako tumeongeza mabati, saruji na lami. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu. Miaka kumi kabla walikuwa 4,364,541. Hao milioni moja walioongezeka wote wana paa, na kila paa linamwaga maji kwa jirani wa chini.

Ukifika hapo darasani, mtoto atataja mkaa. Usikubali mazungumzo yageuke kumsema mama anayenunua mkaa wa kopo. Anapika kwa hela aliyoipata siku hiyo, na mtungi wa gesi unadai hela ya mkupuo. Serikali ina mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034. Mimi naona mkakati huo utafaulu au utakwama hapohapo kwenye kopo: je, gesi au umeme wa kupikia utanunulika kidogo kidogo kama mkaa? Ikiwezekana, Pugu itapumua.

Sasa wapeleke mwisho wa mto. Mara ya mwisho nilipokwenda pale karibu na Salender na wanafunzi wangu maji yalikuwa yamekupwa. Mchu ni aina ya mkoko ambao mizizi yake huchomoza juu ya tope kama penseli zilizosimamishwa, maelfu kwa maelfu. Kwa mizizi hiyo ndivyo mti unavyopata hewa. Tulichuchumaa tukaangalia kwa karibu. Kila penseli ya pili ilikuwa imevishwa kitu: kipande cha nailoni, uzi wa kiroba, nywele za bandia, mkanda wa ndala ya mtoto. Penye nailoni nyingi tope lilikuwa jeusi, lina harufu ya yai bovu, halina kiumbe. Hatua nne pembeni, palipo wazi, kaa wadogo walikuwa wanatoka mashimoni na kurudi, kila dume na gando moja kubwa analopunga kama anamwita mtu. Binti mmoja akaanza kuchomoa zile nailoni, moja moja, bila kuambiwa. Tulikaa pale saa nzima na hakuna aliyezungumza sana.

Nailoni zile hazikutupwa Salender. Zilitupwa Tabata, Mabibo, Sinza, mahali ambapo gari la taka halifiki kwa sababu njia ni nyembamba, au linafika kwa wanaolipa tu. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, na tofauti tuliiona kwa macho, lakini tope la mikoko linatunza kumbukumbu ndefu kuliko tangazo la serikali. Na mikoko ile ndiyo hospitali ya wazazi ya kamba na samaki wengi tunaowala. Mvuvi wa Kunduchi au wa Kigamboni anayelalamika kwamba nyavu zinarudi tupu anazungumzia uhifadhi wa wanyamapori, hata kama hajawahi kulitamka neno hilo.

Hapo Salender kuna jambo lingine ambalo wavuvi wanalijua kuliko wahandisi wengi: bamvua. Mara mbili kila mwezi, mwezi mpevu na mwezi mwandamo, bahari inajaa kwa nguvu, na kwetu tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa inazidi mita 3. Mvua kubwa ikikutana na bamvua, mto unafika mlangoni ukakuta mlango umefungwa. Maji yanarudi nyuma, yanatanda Jangwani, yanapanda Hananasifu na Kigogo. Usawa wa bahari ukipanda hata kidogo, kama unavyopanda sasa duniani kote, ni sawa na mtu kuinua kizingiti cha mlango huo mwaka baada ya mwaka.

Hii ndiyo tabianchi kwa mtoto wa Vingunguti. Ongeza na mvua yenyewe. Hewa ikipata joto zaidi kwa nyuzi moja ya Selsiasi, inaweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7, na mvuke huo ukishuka hushuka kwa kishindo. Pia iko miaka ambayo maji ya Bahari ya Hindi upande wetu wa magharibi huwa na joto kuliko upande wa Indonesia. Miaka hiyo vuli yetu hupindukia, kama ilivyokuwa 2019 na 2023. Desemba 2011 jiji lilipata mvua ambayo ilisemwa haijapata kunyesha tangu 1954, makumi ya watu wakafa, na familia nyingi za bondeni zikahamishiwa Mabwepande. Aprili 2024 Waziri Mkuu aliliambia Bunge kwamba mafuriko na maporomoko yameua watu 155 nchini tangu Januari. Siku chache baadaye, mwanzoni mwa Mei, Kimbunga Hidaya kikasogea Mafia. Vimbunga huwa havitufikii; wazee wa pwani wengi walikuwa hawana hata cha kukilinganisha nacho.

Haki ya mazingira inaingia hapa. Bara zima la Afrika linatoa takriban asilimia 4 tu ya hewa ukaa inayotokana na nishati ya mafuta, gesi na makaa ya mawe duniani. Waliochoma mafuta hayo miaka mia na hamsini hawalali Jangwani. Ndiyo maana nchi kama yetu zilipigania mfuko wa hasara na uharibifu, yaani wa kuzisaidia nchi zinazoumizwa na tabianchi, mpaka ukakubaliwa Sharm el-Sheikh, Misri, mwaka 2022. Mweleze kijana wako jambo hilo vizuri, maana ni lake. Lakini usiishie Misri. Dhuluma iko ya duniani na iko ya mtaani, na ya mtaani hatuwezi kuwasingizia Wazungu.

Nikupe mfano. Kuna mama mmoja wa mabondeni ambaye ameniruhusu kusimulia, ila jina nitalihifadhi. Kwenye ukuta wa sebule yake, nyuma ya pazia, kuna mistari ya mkaa. Mstari wa chini unafika kwenye goti. Wa juu yake unafika kifuani kwake. Wa tatu uko juu ya soketi ya umeme, na ili auchore ilibidi apande kwenye kiti. Kila mstari una mwezi na mwaka. Kitanda chake kimepandishwa kwenye matofali matatu kila mguu, friji matofali manne, na vyeti vya shule vya watoto viko ndani ya ndoo ya rangi yenye mfuniko, imening'inizwa kwenye kenchi. "Nikiona mfuniko wa choo unacheza, najua nina nusu saa," aliniambia. Hakuna kituo chochote cha hali ya hewa kinachonipa taarifa ya uhakika namna hiyo kwa nyumba moja.

Mama huyo kwenye nyaraka anaitwa mvamizi. Lichunguze neno hilo na wanafunzi wako, kwa sababu ndilo hilohilo linalotumika kwa mfugaji anayekutwa na ng'ombe hifadhini na kwa mkata kuni wa Kazimzumbwi. Ukishamwita mtu mvamizi, huhitaji tena kumuuliza alifikaje. Kweli, bonde ni hatari. Mpango mkuu wa jiji wa 1979 ulishasema hivyo, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Siwezi kumwambia mtu akae pale, na siwezi kukufundisha umwambie mtoto kwamba pale ni salama. Lakini watu hao waliuziwa viwanja mbele ya mashahidi, wengine wakaandikishana serikali za mitaa, wakavutiwa umeme, wakatozwa kodi ya majengo. Kisha Desemba 2015 tingatinga likaja. Na kifungu kilekile cha 57 kinataja pia mita 60 kutoka ufukwe wa bahari. Watoto wako wakienda Coco au Mbezi Beach wana macho. Waache waangalie wenyewe na waulize.

Sasa kuna mradi mkubwa wa bonde, ambao Benki ya Dunia iliidhinishia fedha mwaka 2022, wa kuchimba na kupanua mto na kugeuza sehemu ya chini kuwa bustani, huku wakazi wakihamishwa kwa malipo. Ni hatua tofauti na tingatinga, nami nauombea ufanikiwe. Macho yangu yako kwa mpangaji. Mwenye nyumba atahesabiwa. Yule aliyepanga chumba kimoja na watoto wanne atahesabiwa kama nani?

Nimelitumia neno kuhesabu kwa makusudi, kwa sababu hapo ndipo lilipo jibu la kijana wako, na hapo ndipo tembo anaporudi.

Tembo hakuanza kulindwa kwa sababu ana bunduki pembeni yake. Bunduki zilikuwepo miaka yote, na bado aliuawa. Mwaka 2009 Tanzania ilikuwa na tembo wapatao 109,051. Ndege zikaruka tena 2014, watu wakahesabu mmoja mmoja kutoka angani, wakapata 43,330. Sehemu kubwa ya waliopotea walikuwa wa Selous na maeneo jirani, saa chache tu kutoka hapa. Tarakimu hizo mbili zikiwekwa pamoja mezani hakuna kiongozi aliyeweza kusema ni maneno ya wanaharakati. Na zilitusuta sisi wa Dar es Salaam pia, maana meno yale yalikuwa yanapitia bandarini kwetu. Februari 2019, Mahakama ya Kisutu, hapahapa mjini, ilimhukumu kifungo cha miaka 15 mfanyabiashara ambaye magazeti yalimwita Malkia wa Meno ya Tembo. Ujangili ule uliongozwa na watu wa mjini wenye biashara na makontena. Kijana wa kijijini aliyeshika gobore alikuwa kibarua wa mwisho kwenye mnyororo, na mara nyingi ndiye aliyekuwa wa kwanza kufungwa.

Kuna watu wengine wanaomlipia tembo ambao darasa lako lingewaelewa haraka sana. Mkulima wa pembeni mwa hifadhi anaamka alfajiri anakuta ekari mbili za mahindi zimelala. Sheria yetu ya wanyamapori ya 2009 na kanuni zake zinampa kitu kinachoitwa kifuta jasho. Akiuawa mtu, familia hupewa kifuta machozi. Yasikilize, Mwalimu, maneno hayo. Hayakuitwa fidia. Fidia ni haki, inapigiwa hesabu ya ulichopoteza. Kifuta jasho ni pole, unapewa kadiri ya uwezo wa anayekupa, na wengine huisubiri mpaka msimu mwingine. Mkulima huyo na mama wa mistari ya mkaa hawajawahi kuonana, lakini mmoja analipia mnyama anayetuletea watalii na mwingine analipia maji ya jiji zima. Ukiwaambia watoto wa Vingunguti kwamba yule mkulima ni ndugu yao katika jambo hili, tembo ataacha kuwa picha ya kwenye kalenda.

Nikuongezee kiumbe mmoja, kwa sababu watoto humpenda sana na anaishi jirani yenu. Ni chura wa Kihansi. Mtu mzima wake hafiki sentimita 3, ni wa rangi ya dhahabu, na hatagi mayai, anazaa vichura vilivyokamilika. Alikuwa anaishi kwenye manyunyu ya maporomoko ya mto Kihansi, chini ya milima ya Udzungwa, kwenye eneo la hekta chache tu, na hakujulikana na sayansi mpaka 1996, wakati mradi wa umeme wa megawati 180 ulikuwa umeshaanza. Maji yalipogeuzwa kwenda kwenye mitambo, manyunyu yakakauka. Mwaka 2000 vyura 499 walibebwa kwa ndege hadi Marekani, wakazalishwa Bronx Zoo na kwingineko. Porini hawakuonekana tena, na mwaka 2009 walitangazwa kuwa wametoweka katika mazingira yao ya asili. Mwaka uliofuata mia moja walirudishwa, wakawekwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani, na 2012 wakaanza kurudishwa bondeni kwao, ambako sasa wametegewa manyunyu ya mabomba.

Mtoto atauliza: fedha zote hizo kwa chura? Mwache aulize, na wewe muulize: taa uliyosomea jana usiku ilitoka wapi? Chura yule alikatiwa maji ili sisi tupate umeme, na aliokoka kwa sababu mtu alimhesabu kabla hajaisha. Siwezi kukupangia darasa lako liamue nini. Wapo wanafunzi wangu wenye akili nzuri sana wanaoona fedha zile zingejenga zahanati, na mjadala wao ni halali. Mimi nadhani nchi inayoweza kukitunza kiumbe chenye uzito wa chini ya sarafu haina kisingizio cha kushindwa kumtunza mama wa bondeni, na huwa nawaambia hivyo.

Kuhusu haki, usiache kuwaambia kilichotokea kwenye mitaa yao. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata walilipeleka Jiji mahakamani kwa sababu ya dampo: moshi, nzi, harufu, watoto kukohoa. Walishinda. Jiji lilipoomba liongezewe muda wa kuendelea kumwaga taka, Jaji Lugakingira alishangaa waziwazi kuona mamlaka ya umma inakuja mahakamani kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu. Taka zikahamia Kunduchi Mtongani. Wakazi wa huko, mamia kwa mamia, nao wakafungua kesi mwaka 1991, na Mahakama Kuu ikasema kwamba kuwamwagia watu taka hatarishi kunagusa haki ya kuishi iliyo kwenye ibara ya 14 ya Katiba. Hapo sheria ya mazingira ya 2004, ambayo kifungu chake cha 4 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, ilikuwa bado miaka kumi na zaidi. Kwa hiyo akija mtu kukwambia haki ya mazingira ni fikra ya wafadhili, mwonyeshe Tabata.

Na baada ya Mtongani taka zilikwenda wapi? Vingunguti, Mwalimu. Kwenye mteremko wa Msimbazi, karibu miaka kumi. Kisha Mtoni, jirani na mikoko. Tangu mwishoni mwa miaka ya 2000 ziko Pugu Kinyamwezi, kwenye vilima vilevile vya upande wa chanzo cha mto. Watu wa kila mtaa walioshinda walishinda kwa haki, na kila walipoondoa mzigo ulitua kwa mwenzao ambaye hakuwa na wakili. Somo hili linauma, ila kwa vijana wa Vingunguti ni historia ya wazazi wao, na wazazi wengi bado wanalikumbuka. Watume wakaulize nyumbani.

Basi kazi ya klabu yako muhula huu iwe kuhesabu. Kila mwanafunzi achore kwenye daftari nyumba moja iliyoingia maji: mtaa, mwezi, mwaka, maji yalifika wapi kwa sentimita, yalikaa saa ngapi, nani aliumwa baadaye. Waulize wapangaji, si wenye nyumba peke yao. Wazee wanakumbuka vizuri ukiwauliza kwa matukio: mwaka aliozaliwa nani, mwaka wa harusi ya nani. Mkipata nyumba hamsini mna kitu ambacho mtendaji wa kata hana, na mnaweza kukipeleka kwake mkononi na kuomba kisainiwe kwamba kimepokelewa. Nakala nyingine iende kwa diwani. Waandike wakiwa wametulia, majina ya wenye nyumba wasiyaweke bila ruhusa, na wasipige picha ndani ya vyumba vya watu.

Upande wa wanyama, wahesabu kunguru. Sifanyi utani. Kunguru huyu wa shingo ya kijivu si wa kwetu. Aliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 ili asafishe taka, akavuka bahari, na leo anakula mayai na makinda ya mnana na ndege wengine wadogo mji mzima. Anastawi palipo na taka. Hesabuni alfajiri kwa dakika 20 karibu na machinjio, kisha kwa dakika 20 mahali panapozolewa taka kila siku, mfanye hivyo Jumamosi nne. Watoto wataona wenyewe uhusiano wa gari la taka na kiota cha ndege, na hutahitaji kuhutubia.

Mambo mawili nakuomba usiyafanye. Usiwapeleke kuokota taka mtoni kwa mikono mitupu ili wapigwe picha wakiwa na fulana mpya. Maji yale yana majitaka, na kipindupindu hakina heshima kwa klabu. Na msiende kando ya mto mvua ikiwa imetanda, hata kama huku kwenu hainyeshi, kwa sababu mvua ya Pugu inafika Vingunguti bila kubisha hodi.

Yule kijana mjibu hivi, kwa maneno yako: kwa sasa wanaokulinda ni wachache, ni jirani anayegonga mlango usiku na mama anayejua mfuniko wa choo ukicheza. Tembo naye alikuwa na wachache mpaka alipohesabiwa. Kisha mpe yeye daftari la kwanza.

Mkiwa tayari kuja Salender nitakuja kuwapokea. Tuchague Jumamosi ambayo maji yanakupwa asubuhi, siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu, ndipo tope linakuwa wazi mpaka mbali. Waje na viatu vya kufunga ambavyo hawataogopa kuvichafua, maji ya kunywa, na kofia. Niandikie idadi yao wiki moja kabla ili nitafute glavu za kutosha.